Kuhamia Nakuru na Watoto: Mitaa Sita kwa Mpangilio, na kwa Nini Kiamunyi Si ya Kwanza

Muulize mtu yeyote wa Nakuru mahali pazuri pa kuhamia na watoto, atakuambia Kiamunyi. Ukimbana zaidi atataja Milimani, kisha atacheka kidogo, kwa sababu anajua wengi wanaouliza hawana pesa za Milimani. Majibu yote mawili si mabaya. Ila yanajibu swali la nyumba peke yake, na familia haihamii nyumba tu. Inahamia bomba, barabara ya saa kumi na mbili unusu asubuhi, na shule. Vigae vya sebule utavizoea ndani ya wiki mbili, viwe vizuri au vibaya. Maji huyazoei.

Tangu Nakuru itangazwe kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ajenti wa nyumba na ploti wameongezeka kila kona, na kila wanachouza kiko "dakika kumi tu kutoka mjini". Dakika kumi hizo ni za Jumapili asubuhi. Kwa hiyo nimepanga mitaa hii kwa macho ya mzazi mwenye mshahara wa kawaida au biashara yake ndogo, mwenye watoto wa shule ya msingi, anayetaka kupanga kwanza na pengine kununua ploti baadaye. Kama huna watoto, mpangilio wangu ungebadilika kabisa, na Kiamunyi ingepanda.

Kabla ya mtaa, maji

Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na miamba ya volkano ya huku ina floridi. Maji ya ardhini yanapopita humo yanaibeba. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya bonde hili vinakipita, vingine kwa mbali. Wewe mtu mzima uliyekuja na meno yako hutaona kitu. Anayeumia ni mtoto wa chini ya miaka minane, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Yanatoka yakiwa na mabaka meupe kama chokaa, au mistari ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoifuta. Kiwango kikiwa juu sana na mtu akanywa kwa miaka mingi, athari hufika hadi kwenye mifupa.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki kwenye sufuria, kwa hiyo unaizidisha. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu basi. Kinachoiondoa ni vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilivitengeneza kwa miaka mingi, au zile mashine za utando ambazo wauza maji ya mitungi wanazo madukani. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayana shida hii, na ndiyo maana nyumba yenye mifereji mizuri ya paa na tanki kubwa ina thamani ambayo tangazo la ajenti haliitaji.

Ukienda kuangalia nyumba, msimamizi wa ploti atakupokea langoni na sentensi ileile: "Hapa maji haipotei, mama. Tuko na kisima chetu." Kwake hiyo ni sifa, na anasema kweli, maji hayapotei. Wewe omba karatasi ya maabara ya hicho kisima, iliyo na kiwango cha floridi. Mwenye nyumba makini anayo. Akianza kutafuta maneno, simama langoni kidogo uwasalimie watoto wanaocheza hapo, hasa waliozaliwa kwenye hiyo ploti au waliokuja wakiwa wachanga. Wafanye wacheke. Meno yao ni karatasi ya maabara ambayo hakuna mtu anayeweza kuificha.

Maji ya bomba ya NAWASSCO, kampuni ya maji ya mji, kwa sehemu kubwa hutoka visimani pia, ila kutoka sehemu mbalimbali, na visima vya Kabatini upande wa Bahati ni miongoni mwa vile vinavyotegemewa. Tatizo la bomba ni zamu. Usiulize "maji yapo?", uliza "yanakuja siku gani na saa ngapi?", kisha upande juu uangalie tanki lenyewe. Bwawa la Itare kule Kuresoi, lililotarajiwa kumaliza kiu ya Nakuru, lilikwama baada ya mkandarasi wa Italia kuingia kwenye matatizo ya kifedha mwaka 2018, kwa hiyo usinunue nyumba kwa ahadi ya bwawa. Familia ya watu watano yenye tanki la lita mia tano itakuwa rafiki mkubwa wa mwenye mkokoteni wa punda.

1. Section 58, na Naka ng'ambo ya barabara

Kwa mwaka wa kwanza, mimi ningepanga hapa. Section 58 ni mtaa wa zamani, karibu na mji kiasi kwamba mtoto akiugua saa nne usiku hospitali si safari, na tuktuk au boda unaipata bila kupiga simu. Bomba la mji lilishafika zamani. Shule za msingi, za umma na za binafsi, ziko karibu, na hili ni jambo kubwa kuliko wanavyodhani wanaohamia kutoka Nairobi. Tangu 2023 darasa la saba hadi la tisa wanasomea katika shule za msingi kama shule za sekondari ya chini, kwa hiyo shule utakayochagua sasa inaweza kumbeba mtoto kuanzia chekechea hadi gredi ya tisa. Ikiwa mbali, huo umbali utaulipia miaka kumi na zaidi. Baadaye wakifika sekondari ya juu, ambayo kundi lake la kwanza liliingia gredi ya kumi Januari 2026, shule za kutwa za mjini kama Nakuru Day, Flamingo, Afraha na Langalanga zinafikika bila kumtafutia mtoto bweni.

Kasoro zipo. Nyumba za zamani zenye kiuwanja cha mbele zinabomolewa moja moja na ghorofa zinaota mahali pake. Unaweza kupanga nyumba yenye jua zuri la asubuhi, na mwaka unaofuata jirani akakuzibia jua, akakuwekea na madirisha ishirini yanayotazama kamba yako ya nguo. Kabla ya kulipa, tembea nyuma ya nyumba uangalie kama ploti ya jirani ina rundo la kokoto. Naka ina nyumba nyingi ndani ya mageti, majirani wachache na usalama mzuri. Wanaokaa karibu na ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru wazoee wazo la nyani: dirisha la jikoni lisiachwe wazi na ndizi ziko mezani.

2. Barabara ya Nyahururu: Kiamaina, Maili Sita hadi Bahati

Huku ningemtuma anayenunua. Udongo ni mzuri, mvua inanyesha kuliko mjini, msitu wa Bahati hauko mbali, na ukipanda sukuma wiki na miti ya parachichi unakula, hupigi picha tu. Ploti bado zina bei ya mtu wa mshahara. Barabara ya lami inakushusha hadi barabara kuu ya Nairobi, ingawa hapo kwenye makutano asubuhi utakaa kidogo na wenzako.

Karatasi za ardhi huku ndizo zinazotaka umakini. Sehemu kubwa ya mashamba haya ilikuwa ya walowezi, kisha ikanunuliwa na kampuni za wanahisa za miaka ya 1970. Ngwataniro ndilo jina utakalolisikia zaidi. Watu walichanga pesa, wakapewa hisa, na hisa zikageuzwa kuwa ekari. Wengi walipata hati miliki zao. Wengine hadi leo wana cheti cha hisa tu, kilichokunjwa kwenye bahasha ya kaki, na watoto wa mwanahisa wanakiuza kana kwamba ni hati. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado akakuuzia kitu ambacho ndugu zake watano wana haki nacho sawa na yeye.

Kwa hiyo: cheti cha hisa si hati miliki. Fanya upekuzi wa hati katika msajili wa ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, usikubali kuletewa matokeo na muuzaji. Leta mpima ardhi wako akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, na hatua ulizopigiwa na ajenti kwa miguu zisiwe kipimo. Kama ardhi bado ni ya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, na maombi yanapelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo, mkataba ni karatasi tupu. Mume au mke wa muuzaji naye lazima akubali. Si heshima tu, ni sheria. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na watu wengi wanausahau kabisa wanapopiga hesabu. Kisha kaa na wazee wa mtaa. Kikombe cha chai kwa jirani anayepakana nawe kitakuambia kama hiyo ploti imeshauzwa mara mbili.

Kama huna nguvu ya kufuata haya yote, panga. Si aibu.

3. Kiamunyi

Kiamunyi ni pazuri. Nalisema mapema ili wenyeji wasinishambulie. Iko upande wa magharibi wa mji, kwenye barabara ya kwenda Kabarak na Eldama Ravine, na ndipo tabaka la kati la Nakuru lilikojenga ndoto zake: nyumba za ghorofa moja, lango jeusi, paa la vigae, gari mbili na mbwa. Usiku kuna utulivu. Watoto wana nafasi ya kuendesha baiskeli. Anayefanya kazi Kabarak, chuoni au katika shule zake, asisumbuke kutafuta kwingine.

Ninaishusha kwa sababu tatu. Kwanza, ploti nyingi zinategemea visima vya binafsi, na hapo tunarudi kwenye karatasi ya maabara. Ukiipata na iko sawa, Kiamunyi inapanda nafasi moja. Pili, sehemu kubwa haina bomba la maji taka, kwa hiyo kila nyumba ina tanki lake la chini, na siku likijaa unalipa lori la kunyonya. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, na liko umbali gani kutoka kwenye kisima. Usione haya kuuliza, ni maji ya kunywa.

Tatu ni ardhi yenyewe. Upande wa magharibi wa Nakuru una mipasuko ya ardhini, na udongo wa majivu ya volkano hula maji ya mvua hadi siku moja unabomoka. Wakati wa masika nyufa na mashimo hufunguka, pengine katikati ya njia, pengine ndani ya uwanja wa mtu. Hii haimaanishi usijenge. Inamaanisha usinunue ploti Januari, udongo ukiwa mkavu na mgumu, kabla hujamuuliza jirani mvua ya Aprili huwa inafanya nini hapo. Na ukijenga, pesa za mhandisi wa msingi zitoke kabla ya pesa za lango.

4. Milimani

Miti mikubwa, viwanja vipana, mteremko wa Mlima Menengai mgongoni, mji miguuni. Ukiwa na pesa, Milimani ni ya kwanza na huhitaji mwongozo wangu. Lakini fungua bomba zote kabla ya kusaini. Nyumba za enzi ya ukoloni zina haiba, na zina mabomba ya chuma ya enzi hiyohiyo. Nyumba za ghorofa mpya ni rahisi kuzitunza, ila ukishaingia humo unalipa jina la mtaa zaidi kuliko mtaa wenyewe, kwa sababu kile kiwanja na ile miti ni vya jirani.

5. Njoro

Huu ni mji wake, si mtaa, na kwa familia fulani ndio jibu bora kuliko yote niliyotaja. Kama mmoja wenu anafanya kazi Chuo Kikuu cha Egerton au kwenye kituo cha utafiti wa ngano, usihangaike na Nakuru. Baridi ipo, ngano imezunguka kila upande, maziwa yanatoka kwa jirani, na kodi ni nafuu. Mtoto anajua jina la mbwa wa kila nyumba.

Kama kazi yenu wote wawili iko mjini, hadithi inabadilika. Ni kilomita karibu ishirini kwenda na ishirini kurudi, na mzazi anayefika nyumbani saa mbili usiku haoni hiyo ngano. Floridi imo Njoro pia, tena imejulikana muda mrefu, kwa hiyo tanki la maji ya mvua si anasa.

6. Lanet

Nafuu, pana, na inakua haraka kuliko barabara zake. Kambi za jeshi ziko hapo, na wenyeji watakuambia wanalala vizuri. Vumbi la Januari na Februari litaingia hadi kwenye kabati la sukari, na mtoto mwenye pumu asipelekwe huku kabla ya kukaa siku kadhaa za kiangazi akijaribiwa. Nauli ya matatu si mbaya, foleni ya barabara kuu ndiyo mbaya.

Hiyo barabara kuu ndiyo jambo la kuangalia kwa makini sasa. Upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na kwa miaka ya ujenzi kila anayekaa Lanet au Mbaruk atakuwa na maneno ya kusema asubuhi. Baadaye huenda pakawa pazuri sana. Anayenunua karibu na barabara ahakikishe kwa mpima ardhi bikoni za hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, maana ploti za bei ya kushangaza zilizo "mbele kabisa, zinatazama lami" zina sababu ya kuwa na bei hiyo. Onyo hilohilo ni la Ngata, upande wa pili wa mji kwenye barabara ya Eldoret, ambako juu ya hayo kuna malori ya Salgaa, kituo cha madereva wa malori. Ngata ina viwanja vizuri na ngome ya Lord Egerton kwa matembezi ya Jumapili, lakini mtoto anayevuka ile barabara kwa miguu kila siku ni jambo ambalo mimi singelikubali.

Nisikoweza kumshauri mtu anunue

Mwariki upande wa ziwani, na Barut sehemu za chini. Ziwa Nakuru limekuwa likipanuka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, likazifukuza familia kwenye nyumba zao, likameza hata lango kuu la mbuga, ambalo ilibidi lihamishwe. Maji yakishuka kidogo, ploti hizo hurudi sokoni zikiitwa za mandhari ya ziwa. Kwingine ni upande wa mtaa wa London ulio karibu na jaa la Gioto: nyumba ni nzuri na kodi inavutia, lakini nenda ukaangalie jioni upepo ukivuma kutoka juu, si saa nne asubuhi ambayo ajenti atakupangia.

Kuhusu wakati wa kuhama, likizo ya Desemba ndiyo inayofaa, kwa sababu mtoto anaanza muhula wa kwanza Januari na wenzake. Nafasi ya shule itafutwe kuanzia Septemba, kabla ya nyumba. Saini mkataba wa kupanga wa mwaka mmoja. Humo utaona vumbi la Februari na tope la Aprili, na utajua bomba linakauka wiki gani. Mazungumzo ya ploti yaanze Juni, ukiwa umeshapajua mahali kwa viatu vyako, na muuzaji asiwe na haraka kuliko wewe.